Vipimo Vitano vya Bibi Harusi

"Usipumue."

"Nitakufa, Fundi."

"Hufi. Sekunde mbili tu. Haya, pumua."

Msomi akapumua kwa kishindo, akaangua kicheko, na pini mbili zikadondoka sakafuni. Fundi akapiga magoti kuziokota huku akilalamika kwamba ameshawashonea walevi, ameshawashonea wapiga porojo, ila mteja asiyejua kutulia kama huyu hajapata kumwona. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya duka lake la chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu kilichopasuka kona ya chini. Mbele ya kioo hicho Msomi alisimama amevaa koti zito la sufi, jasho likimtiririka, maana nje jua lilikuwa linachoma.

"Unanipika mzima mzima," alisema.

"Kule utanikumbuka. Kule wanasema hata pua inaganda."

"Miezi sita tu, mpenzi. Muhula mmoja. Naenda, nasoma, narudi."

Koti hilo lilikuwa la safari. Msomi alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea famasia, na chuo chao kilimteua kwenda kusoma muhula mmoja ng'ambo. Barua ilipofika aliikimbiza moja kwa moja dukani kwa Fundi, akamsomea mara mbili, na Fundi akafurahi kama aliyeteuliwa yeye. Kitambaa cha koti alikisaka mwezi mzima. Akaweka bitana mbili, akaweka na mifuko ya ndani ya kufichia mikono. Mapenzi ya fundi hayana maua wala mashairi. Yana mishono.

Akamgeuza, akamshika bega la kulia, akabana kitambaa kidogo.

"Hili bega lako bado linanisumbua."

"Si ndilo lililokufanya unipende?"

Hapo hakukosea. Miaka mitatu nyuma alikuja na blauzi ya dukani inayomporomoka upande mmoja, na Fundi alipompima akagundua kwamba bega la kulia liko chini kwa nusu inchi kuliko la kushoto. Mwenyewe alikuwa hajui. Shule nzima alibeba begi la vitabu upande huo huo. Fundi alimkatia blauzi inayolifuata bega lake lilivyo, na tangu siku ile Msomi hakuvaa tena nguo ya mtu mwingine. Nusu inchi hiyo Fundi hakuiandika kwenye daftari la wateja. Aliiweka kichwani mwake mwenyewe.

"Sasa kwa mama naja lini?" aliuliza huku pini zikiwa mdomoni.

"Nikirudi."

"Juzi ulisema kabla hujaondoka."

"Fundi jamani. Mama ana presha. Ukimpelekea habari ya safari na habari ya mchumba kwa mkupuo mmoja, utamlaza. Acha kwanza niende, nirudi na cheti changu, uje na wazee wako kwa heshima."

"Siku mia na themanini na nne."

"Kumbe unahesabu!"

"Nahesabu kuanzia sasa, kabla hata hujapanda ndege."

Msomi alimshika shavu. Macho yake yalikuwa laini, na hata leo Fundi angeapa kwamba ulaini ule ulikuwa wa kweli.

"Nihesabie, mume wangu," alisema. "Halafu nitumie vipimo vyangu kwenye simu. Kuna duka la mtandaoni, nataka niagize viguo vya kuvaa ndani ya koti."

"Unanisaliti na duka?"

"Wivu huo! Tuma bwana."

Akatuma papo hapo:

*"Urefu 57. Nyonga 39 na nusu. Kiuno 27 na robo tatu. Kifua 35. Bega 14 na nusu. Mali yangu hiyo, isipotee."*

Mafundi wengi huanza na bega wakishuka. Fundi alianza chini akipanda, kwa sababu aliyemfundisha kazi alikuwa mtu wa hivyo, na tabia ya mkono haifutiki.

*

Siku tisa baadaye aliitwa na Mama Shela.

Mama Shela alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na jina lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba mabibi harusi walipanga tarehe kwa kumfuata yeye, si kwa kufuata ukumbi. Wasichokijua ni kwamba mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwaka uliopita, na kitambaa cha gauni la harusi hakikatwi na mkono unaotetemeka. Tangu hapo aliyekuwa anakata ni Fundi. Alimwapisha asimwambie mtu, na Fundi hakumwambia mtu, hata Msomi. Alipitia mlango wa nyuma, akakata, akashona mishono mikubwa, akaondoka. Sifa zilibaki kwa mama.

"Hii ina haraka, mwanangu," Mama Shela alisema akimkabidhi kipande cha karatasi. "Bwana harusi yuko ng'ambo. Anakuja wiki moja tu, anaoa, anamchukua mkewe. Bibi harusi mwenyewe sijamwona, wanasema yuko kwenye mitihani. Wifi yake ndiye kaniletea vipimo."

"Anaitwa nani?"

"Unaanza lini kuuliza majina? Hapa majina hayaandikwi, wambea wamejaa. Kata."

Fundi alitazama karatasi. Mwandiko haukuwa anaoujua, ulikuwa wa mwanamke, wa haraka haraka.

Urefu 57. Nyonga 39½. Kiuno 27¾. Kifua 35. Bega 14½.

Alisoma tena. Akasoma kuanzia chini. 

"Vipi?" Mama Shela aliuliza. "Kuna kipimo kimekosewa?"

"Hapana, mama. Viko sawa."

"Mbona umesimama kama umepigwa na umeme?"

"Nafikiria kitambaa."

Alitoka nje ya mlango wa nyuma, akaandika ujumbe, akafuta. Akaandika mwingine, akatuma:

*"Uko wapi, Msomi wangu?"*

Jibu lilikuja upesi.

*"Maktaba. Mitihani inaniua. Nihesabie siku mume wangu, nikikumbuka unanihesabia napata nguvu."*

Fundi akashusha pumzi. Wanawake wenye kiuno ishirini na saba na robo tatu wako wengi, alijiambia. Wa kifua thelathini na tano ndio usiseme. Lakini vitano vyote kwa mpigo? Tena kwa kupanda kutoka chini? Angemuuliza wazi wazi. Na kama si yeye? Angekuwa amemtukana mwanamke anayempenda, na juu ya hapo amemwaga siri ya Mama Shela kwa sababu ya tarakimu.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtu asiye fundi asingelifikiria. Alirudi mezani, akakunjua kitambaa cheupe, akachukua chaki, akachora gauni lenye bega la kulia lililoshuka nusu inchi.

Kwenye karatasi nusu inchi hiyo haikuwepo. Kama bibi harusi ni mwingine, gauni lingekaa upogo, likunje makunyanzi chini ya kwapa, na jina la Mama Shela liingie matope mbele ya wateja. Fundi alilijua hilo. Kila mkasi ulipouma kitambaa aliomba gauni liharibike. Hajawahi kuomba hivyo, wala hamtakii mtu mwingine aombe hivyo.

"Mama," alisema alipomaliza, "siku ya kujaribu nataka niwepo."

"Wewe? Wateja wakuone?"

"Sema nimekuja kukusaidia pini."

Mama Shela alimkazia macho. "Una nini wewe?"

"Nitakwambia siku hiyo."

*

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Fundi alikaa kwenye cherehani ya pembeni, mgongo kwa mlango. Alisikia sauti ya mwanamke mmoja anayeongea bila kituo, huyo ndiye dada wa bwana harusi. Kisha akasikia sauti ya pili.

"Shikamoo mama. Samahani, tumechelewa, nilikuwa na mtihani."

Mguu wa Fundi ukakandamiza kanyagio, na cherehani ikaenda yenyewe ikishona hewa. Hakugeuka. Pazia la chumba cha kubadilishia likavutwa, likanong'ona, likavutwa tena.

"Ooooh!" dada wa bwana harusi alipiga vigelegele. "Wifi yangu! Hebu geuka! Mama Shela, wewe ni mchawi?"

Fundi akanyanyua macho. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani alimwona Msomi akiwa ndani ya gauni jeupe. Gauni lilikuwa limekaa. Hakuna kunyanzi, hakuna upogo, bega la kulia limelala kama lilizaliwa na kitambaa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ndiyo iliyomvunja.

Msomi naye alimwona kwenye kioo hicho hicho. Tabasamu likamkauka.

"Lakini ngoja," dada wa bwana harusi alisema, akimzunguka wifi yake. Alikuwa mwanamke wa sokoni, muuza vitambaa, na jicho lake halikupitwa na kitu. "Wifi, bega lako hili liko chini, sivyo? Mimi niliona siku ile ya kwanza, nikasema hapa gauni litatusumbua. Na kwenye vipimo nilivyoleta hakuna aliyeandika bega liko chini. Mama Shela umejuaje?"

Mama Shela akamtazama Fundi. Mwanamke yule akayafuata macho yake.

"Huyu ni nani?"

"Ananisaidia pini," Mama Shela alisema.

"Mbona anamtazama wifi yangu hivyo? Wifi, mnajuana?"

Msomi ndiye aliyewahi.

"Ni fundi wangu tu," alisema. "Wa kule mtaani. Ananishoneaga sketi za chuo."

Fundi wangu tu. Miaka mitatu, ahadi zote zile, kichwa chake kimelazwa mapajani mwa Fundi akisomewa majina ya dawa ili ayashike kwa ajili ya mtihani, halafu ni fundi wangu tu. 

"Kweli, Fundi?" yule dada aliuliza.

Wote walimtazama. Msomi alikuwa anamwomba kwa macho. Na Fundi, pamoja na yote, alikuwa bado anampenda.

"Kweli, dada," alisema. "Namshonea."

"Basi ndiyo maana! Dunia ndogo hii. Haya Mama Shela, twende tuone shela huko mbele, nataka ile ndefu. Wewe fundi wa mtaani malizia pindo hapo chini."

Wakatoka. Fundi alipiga magoti, akashika pindo la gauni. 

"Asante," Msomi alinong'ona. "Asante, mpenzi. Umenisitiri."

"Usiniite hivyo. Muhula wako uko wapi?"

"Upo! Muhula sikukudanganya. Barua ni ya kweli, uliiona."

"Na hii nguo ni sare ya chuo?"

"Fundi, nisikilize. Viza walininyima. Mara mbili. Mara ya kwanza mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa tano. Nafasi yangu ingepewa mtu mwingine."

"Mwezi wa tano! Na mimi mwezi wa sita nashona koti?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umefurahi kuliko mimi. Halafu mama akatokea na huyu kaka, mtoto wa rafiki yake. Mke wa mtu aliyeko kule hanyimwi viza. Nikaona njia ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo mama ananijua?"

Msomi akainamisha kichwa. "Alijua kuna fundi."

"Alijua kuna fundi." Fundi alichoma pini kwenye pindo, akaichomoa, akaichoma tena palepale. "Na presha?"

"Hana presha."

"Unampenda huyo mtu?"

"Hapana! Nakupenda wewe. Naapa. Ni makaratasi tu. Miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Nikishapata makaratasi yangu naachana naye, nakuvuta wewe. Kule mafundi wanatafutwa. Wewe nihesabie tu kama tulivyosema. Si ulisema utanihesabia?"

Mnaweza kumcheka Fundi, lakini ukweli ni kwamba kwa muda wa pumzi mbili tatu alipiga hesabu. Miaka mitatu. Alishakaa mitatu naye, atashindwa mitatu bila yeye? Mapenzi yakikukolea unakuwa mjinga kwa hiari yako.

"Na yeye?" aliuliza.

"Yeye nani?"

"Mwenye harusi. Yeye anajua kwamba ni makaratasi?"

"Hajui. Akijua atakubali?"

"Siku ukimwacha itakuwaje?"

Msomi alirekebisha bega la gauni, ingawa halikuhitaji kurekebishwa.

"Ni mtu mzima," alisema. "Atapona."

Fundi akaacha pini. Alimtazama kutoka chini pale alipopiga magoti, na alimwona kama hajawahi kumwona. Aliwaza: siku alipoamua hili, nami alinisemea hivyo hivyo. Kuna mahali alikaa na mama yake, mmoja akauliza, na yule fundi je? Mwingine akajibu, atapona.

Mlango ukafunguliwa. Dada wa bwana harusi aliingia na simu ameinyoosha mbele, Mama Shela nyuma yake na shela mkononi.

"Kaka yangu huyu hana subira! Anataka kumshukuru Mama Shela. Usiwe na wasiwasi wifi, gauni halioni, nimemwambia afumbe macho."

"Nimefumba!" sauti ilitoka kwenye simu. "Nimefumba kabisa!"

Na kweli alikuwa amefumba. Kwenye kioo cha simu alionekana mwanaume wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare ya kazi na kofia ya sufi, nyuma yake mashine kubwa za kufulia zikizunguka. Alikuwa dobi wa hoteli. Uso wake ulikuwa umechoka na umefurahi kwa pamoja.

"Mama Shela, shikamoo. Dada anasema mnafanya maajabu."

"Marahaba mwanangu. Sifa si zangu," Mama Shela alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba uongo. "Aliyekata gauni ni huyu hapa. Mkono wangu haufanyi kazi siku hizi. Msemeshe mwenyewe."

Simu ikageuzwa kwa Fundi.

"Kaka! Asante sana, Mungu akubariki mkono huo. Yaani hapa nilipo nimehama chumba, nimepanga karibu na chuo chake ili asitembee kwenye baridi. Nimeweka kalenda ukutani, kila nikitoka zamu nakata siku moja. Zimebaki arobaini na moja. Wenzangu wananicheka. Yeye mwenyewe kanituma, kasema nimhesabie."

Msomi alitikisa kichwa polepole, hapana, hapana, tafadhali.

"Fungua macho, ndugu yangu," Fundi alisema.

"Nifungue? Si nitaona gauni?"

"Fungua. Hili gauni utaliona tu na hakuna litakaloharibika zaidi. Mimi na wewe tunahesabu siku za mtu mmoja."

"Fundi!" Msomi alipiga kelele.

Mwanaume wa kwenye simu akafungua macho. "Sijakuelewa, kaka. Rudia."

"Huyu ni mchumba wangu. Mwaka wa tatu sasa. Ameniaga kwamba anakwenda muhula mmoja, miezi sita, arudi nimuoe. Habari za harusi nimezisikia kwa hili gauni."

"Mwongo!" Msomi alisema. "Wifi, huyu alinitaka nikamkataa! Ana wivu! Si mmemsikia mwenyewe kasema ananishonea tu?"

"Nilimsitiri," Fundi alisema. "Hiyo ndiyo dhambi yangu ya leo."

Dada wa bwana harusi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu kwa Fundi.

"Nipe simu yako."

Fundi akampa. Yule dada akapandisha jumbe juu, juu zaidi, akipita miezi, kisha akazishusha hadi za karibuni. Midomo yake ilikuwa inabana. Hatimaye akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"'Maktaba. Mitihani inaniua. Nihesabie siku mume wangu, nikikumbuka...'"

"Acha, dada," sauti ya kwenye simu ilisema.

"Ngoja nimalizie, 'nikikumbuka una...'"

"Acha! Iliyobaki naijua. Ninayo hapa. Alinitumia siku hiyo hiyo."

Nyuma yake mashine ziliendelea kuzunguka. Alivua kofia, akaivaa tena. Halafu simu ikakatika.

Msomi alikaa chini, na gauni likamzunguka sakafuni. Dada wa bwana harusi hakumtukana, na pengine matusi yangekuwa nafuu. Alimsimamia tu juu ya kichwa.

"Vua," alisema. "Vua nguo ya kaka yangu."

*

Fundi alimpoteza Mama Shela pia. Mama huyo alimwita siku iliyofuata, akamwambia kwa upole:

"Mwanangu, nimekuonea huruma, nimelia pia. Lakini ulikata gauni kwa jina langu ili upate majibu yako. Lingekaa upogo je?"

"Ningelishona upya, mama, bure."

"Na aibu ungeishona upya? Usije tena mlango wa nyuma."

Mama Shela alikuwa sahihi.

Wiki saba zikapita. Msomi alipiga simu mara nyingi, Fundi hakupokea. Zikaja jumbe. Kwanza za matusi: *"Umefurahi sasa? Umeniharibia maisha. Ulikuwa unataka nikae hapa nioze na wewe."* Kisha za kuomba: *"Nisamehe. Nilichanganyikiwa. Sili, silali."* Kisha zikakoma, na kukoma kwake kulimuuma Fundi kuliko matusi.

Jumatatu moja asubuhi alimwona mlangoni. Amekonda, amevaa ile blauzi ya kwanza kabisa aliyomshonea. Ndani kulikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuja kupimwa, naye akawa mwerevu, akajitia kuchagua vifungo.

"Nafasi amepewa mwenzangu," Msomi alisema. "Ameondoka jana."

"Pole."

"Yule kaka hataki hata kusikia jina langu."

"Najua. Alitafuta namba yangu, akanipigia."

"Alikupigia? Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alilia, mimi nikakaa kwenye simu mpaka alipomaliza."

Msomi aliangalia vidole vyake. "Sina safari tena, Fundi. Niko hapa. Si ndivyo ulivyokuwa unataka siku zote, nisiondoke? Basi sijaondoka. Njoo kwa mama. Njoo hata leo, nimeshamwambia."

"Kwa mama ambaye anajua kuna fundi?"

"Nitamwambia ni wewe niliyekuchagua."

"Umenichagua, au ndiye niliyebaki?"

Msomi alivuta pindo la blauzi yake. Fundi aliusubiri uongo, na kwa kweli kama angedanganya vizuri sijui ingekuwaje. Lakini Msomi alikuwa amechoka.

"Wewe ndiye uliyebaki," alisema. "Lakini nakupenda. Yote mawili ni kweli."

"Najua."

"Basi nioe."

"Hapana."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo sababu nasema hapana leo, nikiwa na nguvu za kusema. Nenda, Msomi. Usirudi kesho, nakuomba. Kesho nitashindwa."

Machozi yalimtoka bila sauti. Alingoja kidogo, labda akitegemea aitwe, kisha akashuka ngazi mbili za duka, akavuka barabara bila kugeuka. Fundi alimtazama mpaka alipopita kona.

"Mwanangu," yule mama aliyekuwa akichagua vifungo alisema taratibu, "nije siku nyingine?"

"Hapana, mama. Simama hapa mbele ya kioo."

Akavuta futi ya kupimia, akampima urefu, nyonga, kiuno, kifua na bega. Alipochukua kalamu aandike, hakukumbuka hata tarakimu moja. Akaomba radhi, akapiga magoti, akaanza upya kutoka chini.